Upande wa Pili wa Pera

Mwaka nilioolewa Kasulu, mtoto niliyemkuta nyumbani aliacha kula chakula changu kwa sababu ya sinema. Nasema hivyo mapema kwa kuwa kila niliyewahi kumsimulia hutaka kwanza tutafute mchawi, au wivu, au minyoo. Haikuwa minyoo. Dawa ya minyoo tulimpa, mara mbili.

Mtoto alikuwa wa kike, miaka tisa, mama yake amefariki miaka miwili kabla sijafika. Baba yake alikuwa fundi mwashi. Alikuwa akijenga vyoo na maghala katika kambi ya Nyarugusu, ambayo ndiyo kwanza imejaa watu kutoka Kongo. Alirudi Jumamosi mchana na kuondoka Jumatatu asubuhi, kwa hiyo siku nyingi za wiki nyumba ilikuwa yangu na mtoto. Mimi nilizaliwa Kibondo kwa wazazi waliovuka mpaka kutoka Burundi, na nilikuwa nauza karanga za kukaanga pale sokoni.

Miezi minne ya kwanza hatukuwa na shida. Aliniamkia, "Shikamoo, mama mdogo," kama alivyoelekezwa, akala, akaosha sahani. Hatukupendana wala hatukuchukiana. Nimeshaanza biashara nyingi kwa hali mbaya kuliko hiyo.

Kwetu, anayekupa kinywaji hukitangulia yeye. Mwenye pombe ya ndizi hunywa funda la kwanza mbele ya macho yako, ndipo akupe kibuyu. Tunaita kutoa sumu, ingawa hakuna aliyesema sumu ipo. Mama akimpelekea mgeni uji, anaonja. Hata mimi, kila nilipompakulia mtoto, nilimega tonge moja dogo upande wangu, nikalimeza, nikamsogezea sahani. Halikuwa jambo la kufikiria, kama vile hufikirii unapobisha hodi.

Nyuma ya soko kulikuwa na banda la video: turubai juu, mabati pembeni, jenereta, televisheni ndogo na deki. Kanda nyingi zilikuja kupitia kambini na zilisema Kifaransa, kwa hiyo mwenye banda alimweka Mkongo mmoja, mkazi wa kambi mwenye kibali cha kutoka, asimame kando ya televisheni na fimbo na kueleza kinachosemwa. Alikuwa hodari. Watu walikuwa wakimlipia yeye, picha ni nyongeza. Mtu akifa kwenye kioo, yeye alianguka chini kwanza.

Jumapili moja baada ya kanisa walionesha sinema ya binti wa mfalme na mke mpya wa baba yake. Nimekuja kuona hadithi hiyo ikirudiwa kwa namna nyingi miaka iliyofuata, kwenye vitabu na kwenye video, kila mtu akiikata kama kitenge chake. Siku ile sikuingia. Nilikuwa mlangoni na sinia la karanga, na hamsini ya kiingilio cha mtoto nilitoa mimi mwenyewe, bila kuombwa. Naitaja kwa sababu ndiyo hamsini iliyonigharimu zaidi maishani.

Katikati ya sinema banda lilinyamaza. Banda la video halinyamazi. Hata likizimika jenereta watu hupiga miluzi. Nilichungulia kidogo. Kwenye kioo mwanamke mwenye kilemba cheusi alikuwa amekata tunda vipande viwili. Hakuna aliyewahi kuliona tunda lile Kasulu, kwa hiyo mfasiri alikuwa ameliita pera la Ulaya. Upande mmoja mweupe, upande mmoja mwekundu. Binti alikuwa amekataa kupokea. Mwanamke akacheka, akala upande mweupe, akamnyooshea mwekundu.

Mfasiri akasimamisha kanda. Akarudisha nyuma. Akagonga kioo kwa fimbo.

"Munaona? Ameonja! Ameonja yeye wa kwanza, na bado iko sumu!"

Aliwaonesha mara tatu. Hiyo haikuwa kwenye kanda. Alifanya kwa utashi wake, kwa sababu kwao pia anayekupa kinywaji hutangulia kuonja, na alijua anachotuvunjia.

Kesho yake soko lilikuwa limeharibika. Wauza pombe ya ndizi waliambiwa wanywe pande zote za kibuyu. Jirani yangu mmoja aliyeuza kwa vikombe alisimama na kushika kiuno.

"Nikionja kila upande kwa kila mteja, saa nne nitakuwa nimelala hapa chini. Nani atawahudumia, huyo mama wa kambo wenu?"

"Wewe mwenyewe ndiye yeye," akajibiwa, "hebu geuza kikombe."

Watu walicheka. Baada ya wiki moja hivi walichoka wakarudi kunywa kama zamani, maana kiu haina subira. Nyumbani kwangu hakuna aliyecheka. Jumatatu ile ile nilimega tonge langu upande wangu, nikameza, nikasogeza sahani. Mtoto akaitazama. Akasema ameshiba. Jumanne akasema tumbo. Jumatano hakusema kitu, alikaa tu mikono ikiwa mapajani, kama mtu anayesubiri gari.

Nilijaribu kuonja upande wake. Akaangalia upande wangu. Nilijaribu kuonja katikati. Ukishaanza kuonja mahali patatu unafanana kabisa na mtu mwenye siri.

Baba yake aliporudi Jumamosi mtoto alikula naye, na akala vizuri, kwa kuwa baba ndiye aliyepakua. Jumatatu tukarudi palepale. Alikuwa akila mihogo mibichi, akila kwa majirani akipata, na kwenye wiki ya pili magoti yake yakaanza kuonekana makubwa.

Maneno hayahitaji nauli. Yalifika Kitahana, huko Kibondo, kwa bibi yake mzaa mama, na jibu likarudi na dereva wa lori: "Nikimaliza kuvuna maharage nakuja. Nikimkuta amekonda, naondoka naye."

Nilihesabu kilichokuwa hatarini. Mtoto akiondoka kwangu amekonda, hakuna mtu Kasulu atakayekula karanga iliyopita mkononi mwangu, na mume wangu angeishi na swali ambalo asingeliuliza. Mtoto naye angeondoka akiamini kabisa kwamba mtu alitaka kumuua, na imani kama hiyo haishii Kitahana, unakua nayo. Sikuwa napigania kupendwa. Nilikuwa napigania sahani irudi tupu.

Kwa hiyo nilikwenda kwa mfasiri. Nilimkuta anakula mandazi nje ya banda, mtu mrefu, mpole kuliko sauti yake.

"Ile sinema ya pera," nikamwambia, "utaionesha tena Jumapili?"

"Ndiyo, mama. Bantu banaiomba."

"Mwambie yule mwanamke asiwe mama wa kambo."

Akaacha kutafuna. "Awe nani?"

"Yeyote. Wewe ndiye unayesema Kifaransa."

"Mama, bantu banalipa juu ya kuona mubaya. Nikiondoa mubaya, njo tunaonesha nini? Mapambo?"

"Usimwondoe. Mhamishe."

Tulianzia vikopo vitano vya karanga, vyangu vikiwa vidogo. Tukamalizia vitatu, vyake vikiwa vikubwa. Jumapili nililipa kiingilio nikaingia kuhakikisha nimepewa nilichonunua. Alitimiza. Yule mwanamke alikuwa shangazi mwanzo mpaka mwisho. Wiki ile mashangazi wa mtaa mzima walianza kutazamwa sahani zao. Lakini mtoto hakuwa bandani siku ile, na asingerudi kutazama hata kwa kulipwa. Nilikuwa nimepatana bei nzuri ya bidhaa ambayo mlengwa wake hakuwepo. Mimi, ninayehesabu mara mbili.

Kilichosaidia, kama ni kusaidia, kilitokea kwenye sinia. Vifungashio vya karanga nilikuwa nikitengeneza kwa karatasi za vitabu. Kambini waliletewa makasha ya vitabu vya msaada, vingine havikuwa na faida kwa mtu yeyote pale, vikatoka vikauzwa sokoni kwa kilo kwa sisi wenye kufunga vitu. Kiingereza kinafunga karanga vizuri, karatasi yake nzito. Wiki ya tatu nikaona vifurushi vinapungua. Nilihesabu asubuhi arobaini, nikahesabu tena arobaini, nikaenda kuchota maji, niliporudi nikakuta thelathini na saba. Kesho yake hivyohivyo.

Nilimkuta mtoto nyuma ya nyumba, kapiga magoti, anatafuna.

"Za kuuza hizo," nikasema.

"Najua, mama mdogo."

"Za kuuza unakula, za sufuria huli?"

Alifikiri kidogo. "Za kuuza huwezi kujua nani atanunua kipi."

Hoja ilikuwa safi. Hata mimi ningeitumia. Mtu mwenye sumu hawezi kuitia kwenye bidhaa anayouzia mji. Nilimwachia kifurushi, nikaokota karatasi alizotupa ili nisije nikadaiwa uchafu, na ndipo nikasoma. Nilifika kidato cha pili, Kiingereza changu ni cha kuchambua kama mchele, lakini kinafika. Ukurasa ulikuwa na malkia, na tunda, na binti wa mume.

Nilikimbilia kitabu chenyewe. Kilikuwa kinene, jalada limeshatoka, na nilikuwa nimeshachana kurasa sitini na nne kutoka mbele. Mwanzo wote wa hadithi ulikuwa umeliwa na mji wa Kasulu, kwa maana ya kwamba walikula kilichokuwa ndani na kutupa kilichoandikwa. Mtu yeyote aliyenunua karanga kwangu mwezi ule alikuwa na kipande.

Nilichobaki nacho nilikisoma kwa kamusi ya mume wangu siku mbili. Ilikuwa hadithi ileile ya sinema, ila aliyeiandika alikuwa amesimama upande wa mke mpya. Kwenye kioo mwanamke yule hutokea pale tu anapofanya ubaya. Anaingia, anafanya, anatoka, muziki unamfuata. Kitabuni alikuwa na asubuhi. Aliamka jino likimuuma. Alihesabu mishumaa ya stoo. Aliingia chumbani na kukuta nguo za marehemu bado zimetundikwa, asijue kama azitoe aonekane hana adabu au aziache alale nazo. Hapo nilifunga kitabu kwa muda. Mimi nilikuta kanga mbili na viatu vya kanisani. Hadi leo sijui nani alipaswa kuviondoa.

Nilimwambia mtoto ninacho kitabu cha ile sinema, na kina mengi ambayo sinema iliyaficha. Nilijua bidhaa yangu. Macho yakamtoka.

"Nitakusomea jioni jioni, pale sokoni. Sura moja, sahani moja."

"Sahani nitapakua mimi."

"Pakua."

"Tule sahani moja wote."

"Sawa."

"Na nitaigeuza."

"Igeuze."

Alifikiri kama kuna kitu amesahau. Hakuna alichosahau. Nimefanya biashara na watu wazima wa Buhigwe ambao hawakufika hapo.

Ikawa hivyo. Nyumbani alipakua ugali wa muhogo na maharage ya mawese, akaweka sahani kati yetu, akaizungusha nusu mzunguko, akaniangalia nikila upande uliokuwa wake. Halafu akala. Sokoni, saa kumi hivi wateja wakipungua, nilifungua kitabu na kutafsiri taratibu, mstari kwa mstari, wakati mwingine nikisimama kupima karanga. Siku ya kwanza tu aliuliza.

"Alifikaje pale kwa mfalme?"

"Hizo kurasa zimekwenda na karanga."

"Zote?"

"Sitini na nne."

"Basi niambie."

"Sijui. Sikuzisoma."

"Wewe ulifikaje kwetu?"

Sikutarajia kuuziwa kwa mlango huo. Lakini swali lilikuwa halali, na lake kuliko la mtu yeyote, na hakuna aliyewahi kumjibu. Nikamwambia kama lilivyokuwa. Kwamba baba yake alikuja kujenga ukuta wa kanisa kwetu Kibondo. Kwamba alinunua karanga siku nne mfululizo na siku ya tano akakiri hazipendi. Kwamba aliniambia ana mtoto kabla hajaniambia ana baiskeli, na hilo nililiweka upande wa faida. Kwamba nilikuja na sanduku moja na debe la mbegu, juu ya lori la viazi, na nilipofika mtoto mwenyewe alikuwa amejificha nyuma ya mlango wa jiko nami nilimwona miguu.

"Uliniona?"

"Vidole kumi."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umejificha. Ningesema ili iweje?"

Akasema niendelee na malkia.

Yeye alifurahia kitabu. Mimi nilikuwa na tatizo ambalo sikumwambia. Nilikuwa nimeshasoma mbele. Nilidhani mwandishi aliyempa mwanamke yule jino na mishumaa angemwokoa. Kwamba tunda lingewekwa sumu na mtu mwingine, au lingekuwa ajali. Haikuwa hivyo. Karibu na mwisho, baada ya sababu zote, baada ya mimi kumwelewa hatua kwa hatua kama jirani, alikata tunda, akala upande mweupe, akampa mtoto upande mwekundu, akijua. Kitabu hakikumtetea. Kilimjua tu.

Nilianza kupunguza kasi. Sura nikazifanya nusu sura, nusu nikazifanya kurasa mbili. Nilisimama kupima karanga ambazo hakuna aliyeziagiza. Nilijua pia kwamba ningeweza kufanya kama mfasiri wa banda: mtoto hasomi Kiingereza, ningemhamisha mwanamke, ningesema tunda lilianguka likaliwa na mbuzi. Lakini nilikuwa nimemlaumu mfasiri kwa kuongeza neno moja, "Ameonja", ambalo, ukilipima, lilikuwa kweli.

Bibi alifika kabla hatujamaliza. Alishuka na kikapu cha maharage mapya, mwanamke mkavu, mgongo umenyooka, na macho yakampitia mjukuu kuanzia miguuni.

"Mwakeye, mama," nikamwamkia kwa Kiha.

Aliitikia. Nilimletea uji, nikaonja, nikampa. Akapokea akanywa bila kuugeuza; Kitahana hawakuwa na banda la video. Akamvuta mtoto, akamshika mkono juu ya kiwiko, kama tunavyoshika kuku tunaponunua.

"Unakula hapa?"

"Nakula, bibi."

"Nani anapakua?"

"Mimi."

Bibi akanitazama. Mtoto wa miaka tisa anapakua, mwanamke mzima amekaa. Nilijua linavyosikika. Maelezo yangekuwa marefu na yangeanzia Ulaya.

"Tutakwenda wote nyumbani," bibi akamwambia. "Maharage yapo, mihogo ipo. Jumatatu lori linarudi."

"Sitaki, bibi."

"Kwa nini? Nani kakukataza?"

"Hatujamaliza kitabu."

Bibi alisubiri sababu nyingine. Haikuja. Mimi pia nilikuwa nasubiri nyingine, sitakataa. Alilala kwetu siku tatu, akaona mjukuu anakula, akaona pia sahani inazungushwa na hakuuliza, na Jumatatu akapanda lori peke yake. Aliniambia kitu kimoja akiwa juu ya magunia: "Nitarudi kiangazi kumpima tena." Nikamwambia karibu, mama. Nilimaanisha.

Jumanne nikafungua kitabu. Hapakuwa na pa kupunguzia tena. Nilisoma vile ilivyoandikwa, kisu, upande mweupe, upande mwekundu, na kwamba alijua. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida, nilihakikisha. Mteja mmoja alikuja nikamwambia asubiri, jambo ambalo sikuwahi kulifanya.

Mtoto alikaa akikwaruza udongo kwa kidole cha mguu.

"Kumbe alifanya."

"Alifanya."

"Hata na lile jino?"

"Hata nalo."

"Na wewe?"

"Mimi sijafanya."

"Najua," akasema, kama mtu anayerudisha chenji. "Ningekuwa nimeshakufa. Nimekula siku thelathini na nane."

"Thelathini na tisa," nikasema.

"Thelathini na nane. Jumapili ile ya mvua nilikula kwa jirani."

Nilihesabu kwa vidole, nikahesabu tena. Alikuwa sahihi. Nikampimia mteja karanga zake, tukafunga sinia, tukarudi nyumbani. Nilipoinama kuchukua sahani ili nimpe apakue, alikuwa ameshakaa kwenye kigoda, ameuegemeza mgongo ukutani.

"Pakua wewe, mama mdogo," akasema. "Mimi nimechoka. Na maharage yawe mengi."